Komeo la Gereza

"Komeo la gereza liko nje." Mmeisikia leo barazani mkacheka, mkasema nani asiyelijua hilo. Basi kaeni, maana cheko lenu ni la watu wasiojua. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani alikuwako kijana Anyosisye. Siku moja aligombana na rafiki yake Lugano juu ya mfereji wa maji. Hasira hasara: alimpiga fimbo moja tu, Lugano asiinuke tena. Anyosisye akafungwa miaka mingi. Gerezani alitulia kama maji mtungini, akajifunza useremala, hata askari wakawa wanamwachia ufunguo wa karakana.

Ilipokuja bodi ya parole, ile inayoamua nani atolewe kabla kifungo hakijaisha, aliingia na maneno yake ameyapanga vizuri. Akaeleza toba yake na kazi yake. Mwenyekiti, jaji mstaafu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Yote ni mema," akasema. "Lakini hatumtoi mtu kabla ya kumsikia aliyekosewa."

Akaingia mama mzazi wa Lugano. Anyosisye akasimama. Bodi ilipokuja mara ya kwanza mama huyo alikataa katakata.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Mama hakuitikia. "Ulipokuwa ukija kula kwangu, uliniitaje?"

Anyosisye alilijua jina lile. Tangu mazishi kijiji kizima kilikwepa kumwita hivyo, kikidhani kinamhurumia. Yeye, muuaji, angethubutuje?

"Niite," mama akasema.

"Shikamoo, mama Lugano."

Mama alifumba macho, machozi yakamtiririka. Askari mlangoni akavua kofia.

"Marahaba," akaitikia. Kisha akamgeukia jaji. "Mwacheni arudi, na akae pale pale jirani yangu. Nimekaa sana bila mtu wa kuniita jina langu."

 Anyosisye hakuwahi kuona kitu kikubwa kama mama yule mdogo wa umbo, aliyesimama mbele yake na kanga yake. Maneno yote aliyoyapanga aliyaona makapi.

Aliporudi kijijini, vijana walimzunguka wakitaka kujua aliiambia nini bodi hata ikamwachia.

"Niliyosema mimi hayakufungua kitu," akawajibu. "Komeo la gereza liko nje."