Siwazuri Aliyeutembelea Mto Mkavu

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Basi yategeni. Mwenye kiu anywe maji sasa, maana nikianza sisimami.

Hapo kale, kando ya mto uliokuwa ukikauka kila kiangazi, aliishi mjane aitwaye Siwazuri na bintiye Mwatumu. Binti alikuwa kaposwa, harusi ingefanyika mvua zikianza. Wakwe wakatuma maneno: "Tutakuja ukoo mzima. Nasi tunapenda samaki."

Jamani, ukoo mzima! Na Siwazuri hakuwa na nyavu, alikuwa na mshipi na ndoana tu.

Kiangazi kikashika. Wavuvi wakatundika nyavu, wakalala. Siwazuri akashuka mtoni, akatembea mchangani akiimba:

"Mto lala, nikuone!
Mto amka, nikujue!"

Akaona shimo chini ya mwamba, akaingia, likammeza hadi kifuani. "Hapa kambare watajificha." Akaona mkuyu umeinama, matunda yamejaa chini. "Hapa perege watakula." Akaona gogo la mgunga limefukiwa nusu, miiba juu. "Hapa, Mungu aniepushe!"

Jirani yake Mpembenwe, mwenye nyavu kubwa na mdomo mkubwa kuzishinda, akacheka. "Mama Mwatumu, samaki mchangani?"

"Natazama nyumba zao, bwana. Wenyewe wamesafiri."

Mvua zikaja, mto ukafurika. Wavuvi wakatupa nyavu palepale pa mwaka jana. Wapi! Majani matupu. Siwazuri akaenda mkuyuni kwa kunyata, akachomeka tunda kwenye ndoana, akahakikisha kivuli chake hakigusi maji. Chubwi! Perege. Chubwi! Perege. Kikapu kikajaa.

Mpembenwe akakiona kile kikapu. Kesho yake akamfuata, akijificha kwenye matete. Siwazuri akamwona. Nyavu zile zingekomba kila kitu, na harusi imekaribia!

Unadhani alifanyaje? Alipita mkuyu kama asiyeujua, akaenda hadi penye gogo, sasa limefunikwa na maji. Akasema kwa sauti, "Hapa ndipo penyewe! Lo, nimesahau chambo." Akaondoka.

Mpembenwe akaruka, akatupa wavu. Vuta! Hauji. Vuta! Hauji. Vuta! Mwenyewe huyoo, majini!

"Mama Mwatumu! Nimemnasa samaki mkubwa, hataki kutoka!"

Siwazuri alikuwa mwambani, anatoa kambare wa pili. "Huyo ana mizizi, bwana!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamhurumia, akaenda kumvuta kwa fimbo. Mpembenwe akatoka anatiririka maji, wavu umechanika vipande, akajitazama, naye akaangua kicheko. Siwazuri akamkatia mshipi. "Njoo mkuyuni. Keti, nyamaza, kivuli kiache nyuma." Wakavua pamoja hadi vikapu vikaelemea.

Siku ya harusi ukoo mzima ukaja kweli, na vitukuu! Wakala, wakalegeza mikanda, wakaongezwa. Mkwe akauliza, "Nani mvuvi wa nyumba hii?"

Mpembenwe akafungua mdomo ajisifu, akamtazama Siwazuri. "Ni huyu. Mimi nilivua gogo."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Wakwe wakamnyanyua Siwazuri, wakamwingiza katikati ya ngoma, naye akacheza, na vigelegele juu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chachu, nirudishieni nikaipike upya.