Kocha Tuwei na Watu wa Kamera

Soma hii mpaka mwisho, kisha mpelekee mzazi yeyote mwenye mtoto anayekimbia.

Kule nyanda za juu kulikuwa na kocha wa riadha aitwaye Tuwei. Kambi yake ilikuwa na sheria moja asiyoigusa mtu: siku moja kabla ya mashindano, hakuna kukimbia. Hata maji ya kuoga mwanariadha huchotewa na wenzake. Kazi yake ni kula ugali, kunywa maziwa ya mursik na kulala.

"Miguu haidanganywi," alizoea kusema.

Mwaka huo tegemeo lake lilikuwa Jerotich, binti wa mchuma chai. Mbio za mchujo zilikuwa zinakaribia, na mshindi wake angechukuliwa na klabu ya ng'ambo. Asiposhinda, alijua kikapu cha mama yake kinamngoja.

Basi wakaja watu wa kamera kutoka mjini, wakiongozwa na Mwakio, kutengeneza filamu kuhusu vijana wanaosaka ndoto zao michezoni. Wakamwambia Tuwei kwamba dunia nzima itamjua. Mzee akavimba kichwa.

Siku moja kabla ya mchujo, Mwakio akasema, "Kocha, tunaomba apande kile kilima jua likichomoza. Mara moja tu. Nawe usimame juu na saa yako."

Jerotich akamtazama kocha wake. "Kocha, si leo ni siku ya kupumzika?"

"Panda tu, mama. Si kitu."

Alipopanda, wingu likafunika jua. Akarudia, ng'ombe wakakatiza njia. Aliporudia tena, aliyepiga kelele alikuwa Tuwei mwenyewe, maana kofia yake ilipeperuka mbele ya kamera.

"Rudia!"

Kesho yake Jerotich aliongoza hadi kona ya mwisho. Hapo miguu ikagoma. Wenzake wakampita, naye akaanguka na kuumaliza mchujo kwa kutambaa.

Tuwei akamvaa Mwakio. "Mmenimalizia mtoto!"

Mwakio alikuwa anafuta machozi, tena ya furaha. "Usikasirike, Kocha. Angeshinda, ingekuwa filamu kama zile nyingine. Sasa hii itawaliza watu."

Na kweli iliwaliza. Siku ya kuonyeshwa, Tuwei alikaa mbele kabisa akingoja kujiona. Hakujiona hata kidogo; walikuwa wamemkata. Lakini Jerotich alipoanguka, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

Baadaye Tuwei alikutana na Jerotich penye mizani ya majani ya chai, kikapu mgongoni. Binti alikuwa ameiona filamu kwenye simu ya mwenzake.

"Kocha, wale watu walikuwa wanashangilia nini?"

Tuwei akavua kofia yake.

"Na wewe ulipiga makofi?"

"Nilipiga," akajibu, na aibu ikamshika, aibu aliyoistahili.

Jerotich akaweka kikapu chake kwenye mizani, wala hakumtazama tena.

Funzo: Ukivunja sheria yako ili usifiwe, anayeumia ni yule aliyekuamini. Na kabla hujamkabidhi mtu ndoto ya mtoto wako, jiulize yeye atapata nini mtoto akianguka.