Fulana Moja ya Kituo cha Lugeyo

Sogeeni karibu, na mwenye shughuli aiache, maana nikimaliza hadithi hii nitauliza swali, na sitakubali mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Palikuwa na kituo kidogo cha polisi mahali panapoitwa Lugeyo, nchi ya ng'ombe na vumbi, ambako kila wiki hufanyika mnada na watu huja kutoka mbali na mifugo yao. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili na mlingoti wa bendera. Askari walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Koplo Nyamizi, mkuu wa kituo, mwanamke mwembamba wa Kinyamwezi asiyependa maneno mengi. Kipaji chake kilikuwa ubishi. Sisemi ubishi wa kupiga kelele. Nyamizi akishasimama mahali anapoona ni pake, hasogei. Alipokuwa chuoni, mkufunzi alimwamuru atoke kwenye mstari, naye akauliza kwa kosa gani. Hakujibiwa. Basi akabaki amesimama palepale juani mpaka mkufunzi mwenyewe akachoka na kwenda kula.

Wa pili alikuwa Konstebo Kihwelo, Mhehe mnene, mpenda nyama, rafiki wa wachoma mbuzi wote pale mnadani. Kipaji chake kilikuwa utundu. Mpe Kihwelo kitu kilichoharibika, atakitafutia kazi nyingine. Mlango wa mahabusu aliufunga kwa mnyororo wa baiskeli, na ulifunga vizuri kuliko komeo la serikali.

Wa tatu alikuwa Konstebo Makame, Mpemba aliyepangiwa kazi mbali na kwao, mahali ambapo hata kahawa hawajui kuipika. Kipaji chake kilikuwa sauti. Aliwahi kutoa amri za gwaride mbele ya wakubwa, na husemwa kwamba siku ile hata wageni walioketi jukwaani walisimama wima bila kujijua.

Haya, vipaji mmevisikia. Sasa sikieni silaha zao. Kituo kilikuwa na virungu vitatu na bunduki moja. Bunduki ilikuwa nzima, na Nyamizi aliisafisha kila asubuhi, ila haikuwa na risasi hata moja. Waliomba risasi wilayani mpaka wakachoka kuomba. Hatimaye sanduku likaletwa. Wakalifungua kwa furaha, na risasi zikakataa kuingia. Zilikuwa za bunduki ya aina nyingine kabisa.

Wakatoa taarifa. Jibu likaja kwamba Lugeyo wameshapewa risasi, wazitumie kwa uangalifu.

"Kwa uangalifu gani, afande?" Kihwelo akamwuliza Nyamizi. "Tuwarushie majambazi kwa mkono?"

Walicheka siku ile, kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Kisha wakaapizana kwamba habari ile isitoke nje ya kuta za kituo. Tangu hapo, kila siku ya mnada, Nyamizi aliitundika bunduki begani na kupita katikati ya watu kifua mbele. Wafugaji walimwamkia kwa heshima. Wafanyabiashara walimwambia, "Ukiwepo wewe, mama, tunauza bila wasiwasi." Naye aliitikia, na moyoni alikuwa anaumia, kwa kuwa watu wale walitegemea kipande cha chuma kisichoweza kumtisha hata kunguru.

Basi, siku moja mnada ukiwa umechangamka, wakaingia majambazi wanne juu ya pikipiki mbili. Bunduki zao zilikuwa mpya, zinang'aa, na risasi wanazo za kutosha, maana walizimwaga hewani bila huruma. Uwanja mzima ukalala chini. Ng'ombe wakakata kamba. Majambazi wakaanza kukusanya mikoba ya wafanyabiashara, na mzee mmoja aliyeng'ang'ania wa kwake akapigwa kitako cha bunduki usoni, damu zikamtoka.

Uwanja wa Lugeyo umezungushiwa uzio wa miti, na lango la kutokea ni moja. Askari wetu watatu walikuwa wametawanyika, kila mtu na lindo lake. Hapakuwa na nafasi ya kushauriana.

Nyamizi alikuwa karibu na lango. Angeweza kulala chini kama wengine, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipoona damu ya yule mzee, hasira zilimpanda, akaenda kusimama katikati ya lango, akaielekeza bunduki yake tupu kwenye kifua cha kiongozi wao, aliyekuwa anakuja kutoka na mikoba, akasema, "Hapa hapapiti mtu." Yule kiongozi akasimamisha pikipiki. Akamtazama, akaicheka ile bunduki ya kizamani. "Dada, nipishe. Sina ugomvi na mwanamke." Nyamizi hakumpisha. Jambazi akamwambia, "Basi piga." Nyamizi akabaki amemwelekezea ile bunduki tupu. Jambazi akaanza kuinua silaha yake.

Kihwelo alikuwa kwenye mabanda ya nyama choma. Mfuko wa suruali yake ulikuwa na konzi ya zile risasi zisizoingia popote. Alizichukua kituoni asubuhi ile kwa nia ya kumwonyesha muuza vyuma mmoja, ajue ni za silaha gani. Alipoona mkubwa wake anataka kuuawa, aliwasukuma wachomaji nyuma ya ukuta, akazitupa zote kwenye moto wa mkaa, akajirusha chini na tumbo lake. Pa! Pa-pa! Pa! Mbuzi aliyekuwa anachomwa akaruka na majivu. Majambazi wakageuka upande ule, wakadhani wanapigwa kutoka ubavuni.

Makame alikuwa kwenye kibanda cha dalali, penye kipaza sauti cha kunadia ng'ombe. Spika zake zimefungwa kwenye nguzo za pembe nne za uwanja. Aliposikia milio, akamnyang'anya dalali kipaza sauti na kutoa ile sauti yake ya gwaride. "Kikosi cha kwanza, kaeni tayari! Kikosi cha pili, shikeni uzio! Koplo, usipige mpaka niamuru, tunawataka wazima!" Sauti ikatoka pembe zote kwa pamoja. Hata wana Lugeyo waliolala chini waliamini kwamba jeshi limewafikia, na mama mmoja akashangilia kabisa.

Majambazi wawili wakatupa silaha na kuinua mikono. Yule kiongozi alikuwa mmoja wao. Wengine wawili wakaruka uzio na silaha zao, wakapotelea porini. Kabla ya kutokomea, mmoja alipiga kelele kwamba watarudi. Waliokamatwa wakachukuliwa wilayani jioni ileile, na bunduki zao zikaenda nao kama ushahidi.

Mpaka hapo mtasema hadithi imekwisha na watu wale nyama. Subirini.

Siku ya tatu akaja mkuu wa polisi wa wilaya, ameambatana na wapiga picha. Watu wakaitwa uwanjani. Alisifia sana. Alisema Lugeyo ni mfano wa kituo kilichojiandaa vyema, askari wenye nidhamu na vifaa vya kutosha. Kisha akatoa kwenye gari fulana nzito ya kuzuia risasi, mpya, ingali na harufu ya kiwandani. Zawadi. Moja.

Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya wenzake. Aliposikia lile neno "vifaa vya kutosha", aliwageukia watu. Alimwona yule mzee katikati ya watu, bado amefungwa bendeji, anapiga makofi. Ubishi wake ukaamka. Akatoka kwenye mstari bila kuitwa, akainua bunduki juu mbinguni, na watu wakadhani anapiga risasi ya heshima. Wengine wakaziba masikio.

Bunduki ikalia ka. Akafyatua tena. Ka.

"Ndugu zangu," Nyamizi akasema, "hivi ndivyo vifaa vya kutosha. Siku ile nilisimama langoni na hii hii."

Mkuu akamsogelea, uso umemwiva. "Koplo, unatoa siri ya jeshi mbele ya raia?"

"Niliileta kwenu, afande, mkaniambia nitumie kwa uangalifu."

"Wewe unajua adhabu ya utovu wa nidhamu?"

"Naijua, afande. Nipe. Ila nipe na risasi."

Watu wakaanza kuguna, kisha wakapaza sauti. Mkuu akaona upepo umegeuka. Akasema risasi zitakuja zikiwa tayari. "Fulana ndiyo hii hapa. Ni ya askari aliyefanya kazi kubwa kuliko wenzake. Wewe si ndiye mkubwa wao, na mdomo unao? Basi amua ni nani. Siku ya mnada nitatuma gari lije kuchukua jibu. Likikuta hamjakubaliana, fulana inarudi wilayani." Akaingia garini na kuondoka, na wapiga picha wake nyuma.

Mle kituoni, Kihwelo alikuwa wa kwanza kulipuka. Fulana ilikuwa juu ya meza.

"Afande, umetumaliza. Wale wawili wako porini na bunduki zao, na sasa ndugu zao wameshawapelekea habari kwamba yetu ni fimbo. Siri ile ndiyo iliyokuwa inatulinda sisi watatu."

"Ilikuwa inawalinda wao waliotuletea hizo risasi," Nyamizi akajibu. "Sisi ilitusimamisha mbele ya mitutu. Mimi sitabeba tena uongo wao begani."

"Sawa. Lakini wakirudi, nani anakufa? Si wao." Kihwelo akaiwekea mkono fulana. "Mimi sioni haya kusema. Bila risasi zangu kulia motoni, ungekuwa kaburini. Bunduki yako ilikuwa bubu, mimi ndiye niliyeisemea. Na nina watoto wanne."

Makame alikuwa ameegemea dirisha. "Yakhe, milio yako ingedumu muda gani? Moto ule ungemaliza kupasuka, wale wangekutazama, wangekuta mtu mmoja kalala na majivu. Mimi niliwapa jeshi zima. Na jamaa walionisikia wanajua sauti ni ya nani. Nikifungua mdomo tena, risasi ya kwanza ni yangu. Mama yangu ana mtoto mmoja tu, na ndiye mie."

Nyamizi alijua kwamba yote waliyosema ni kweli. Alijua pia kwamba asingesimama langoni, majambazi wangekuwa wameondoka zamani, na hiyo milio na hilo jeshi vingekuwa vya kufukuza vumbi lao tu. Na mnadani anayesimama mbele ni yeye, mkubwa wa kituo. Alitaka kuvaa. Nawaambia wazi, mwanamke yule alitaka kuishi kama mtu mwingine yeyote, na aliitamani fulana ile. Lakini akijivika mwenyewe, baada ya kuitoa siri yao wote hadharani, atawatazamaje?

"Tuirudishe," akasema mwishowe. "Tuwaambie hatuvai heshima ya mmoja. Walete tatu, na risasi zinazoingia."

"Tukiirudisha," Kihwelo akasema, "itavaliwa na dereva wa mkuu. Na sisi watatu tutatoka na mashati."

"Na tukiipokea," Makame akasema, "watapiga picha ya aliyeivaa, waseme Lugeyo wameshapewa." Akaigeukia fulana mezani. "Lakini aliyeivaa atakuwa hai, afande. Hilo nalo neno."

Habari zikaenea. Mji ukagawanyika. Wachoma nyama walisema fulana ni ya Kihwelo. Dalali aliapa kwamba ni ya Makame, kwa kuwa kipaza sauti chake kilihusika. Yule mzee wa bendeji alikuja kituoni kwa miguu, akasema ni ya Nyamizi, na kama serikali haimpi, atauza dume lake amnunulie. Na wengine, vijana wengi zaidi, walisema irudishwe, na wao wenyewe wataandamana nayo mpaka mlangoni kwa mkuu.

Asubuhi ya mnada ikafika. Moto wa wachomaji ulikuwa umeshaanza kutoa moshi, ng'ombe wanaingia. Wachungaji walikuja na habari kwamba wale wawili wameonekana kwenye korongo la jirani, na sasa si wawili tena. Gari la wilayani likasimama mbele ya kituo. Dereva hakushuka.

"Umeleta risasi?" Nyamizi akamwuliza.

"Nimetumwa jibu la fulana tu, afande. Mnabaki nayo au naondoka nayo? Nina haraka."

Nyamizi akaingia ndani. Kihwelo alikuwa anafunga mkanda wake, Makame anafunga kamba za viatu, na hakuna aliyeinua macho. Wote watatu walikuwa wanatoka kwenda mnadani, fulana iwepo isiwepo. Hilo halikujadiliwa hata mara moja. Nyamizi akaichukua fulana pale mezani kwa mikono miwili. Nje dereva akapiga honi.

Haya, wasikilizaji. Mmoja aliwazuia, mmoja aliwashtua, mmoja aliwazingira. Ungemtoa mmoja tu kati yao, wawili waliobaki wangezikwa na mikoba ingekwenda. Fulana ni moja na lango ni lilelile. Amvike Kihwelo, amvike Makame, ajivike mwenyewe aliyesimama mbele na kusema ukweli uliowaweka wote hatarini, au amtupie dereva dirishani aende nayo kwa waliomtuma, nao watoke na mashati yao?

Msinijibu haraka. Kila mmoja wenu ajifanye ndiye Nyamizi, fulana iko mikononi mwake na wenzake wawili wanamsubiri mlangoni. Wewe ungemvika nani, na ungewaambia nini wale ambao hukuwavika?