Hita ya Samaki

Wapendwa, kabla sijasoma Neno naomba niwapeleke sebuleni kwa mama mmoja. Jina lake silitaji. Nawajua ninyi, nikilitaja, mahubiri yataishia hapo hapo na upelelezi utaanza. Itoshe kusema nyumba yake iko huku huku kwetu Njombe, ambako mwezi wa saba mtu akikusalimia, mvuke unatangulia na salamu inafuata.

Mama huyu alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, mwenye presha ya kupanda. Daktari alimwambia atafute kitu cha kumtuliza moyo. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori la mbao, na siku moja lori hilo likarudi kutoka Tanga, likasimama mlangoni kwa mama, likashusha vitu viwili. Cha kwanza, tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo, limezungushiwa magodoro kama yai. Cha pili, mke. (Akina mama, nimesema "vitu" kwa haraka tu, msinisubiri nje.) Alikuwa binti wa Pangani, ndoa imeshafungwa kwao. Alishuka kwenye lori na khanga zake na ndala, anatabasamu vizuri, ila meno yanagongana.

Mwana alikaa siku chache akarudi barabarani. Akawaacha mama, mke na tangi.

Sasa sikilizeni. Tangi lilikuja na maelekezo. Mwana alikuwa amemhoji muuza samaki mpaka muuza samaki akachoka, akamweleza mama kila kitu. Changarawe zioshwe kwa maji matupu, sabuni isiguse. Maji ya bomba yalazwe kwenye ndoo kwanza, ile dawa ya bombani itoke. Tangi lijazwe, chujio liwashwe, halafu lisiwekwe samaki hata mmoja kwa wiki kadhaa. Likae hivyo hivyo linazunguka, na chembe za chakula zidondoshwe kidogo kidogo, mpaka vijidudu vyema, ambavyo macho hayavioni, vizaliane mle ndani na kuyafanya maji yakalike.

Mimi nilipoelezwa habari hii nilishangaa. Katika akili yangu unamwaga maji, unamwaga samaki, unaenda kula. Ndiyo maana Mungu amenipa kundi la watu, hakunipa kundi la samaki. Watu mna moyo, mnavumilia.

Basi mama akafuata. Majirani wakaja kutazama, wakakuta tangi linanguruma na ndani hakuna kitu. Shangazi mmoja wa ukoo huo, mwenye ulimi wake, akauliza kama siku hizi watu wanafuga maji, na kama yakikua yanauzwa kwa kilo. Mama hakujali. Akamjibu kwamba kiumbe halazimishwi kuingia nyumba ambayo haijawa tayari kumpokea.

Maneno mazuri, sivyo? Yaandikwe ukutani.

Mkwe je? Mkwe hakuja na maelekezo. Asubuhi ya kwanza aliamshwa alfajiri kwenda shamba la viazi kwenye ukungu, kwa sababu ndiyo kawaida ya nyumba. Akaoga maji ya baridi, kwa sababu ndiyo kawaida ya nyumba. Jioni jamaa wakakaa jikoni wakizungumza Kibena, wakacheka, na yeye akacheka walipocheka, bila kujua wamecheka nini. Siku moja alipata nazi sokoni, akaungia maharage kama kwao. Shangazi yule akaonja, akauliza ni nani ana mtoto mchanga humu ndani mpaka tumepikiwa uji.

Mama hakuwa mbaya. Nataka mlielewe hilo, maana mkimwona mbaya mtapona kirahisi sana. Alimpenda mkwe wake. Alimsifu kwa watu, kwamba ni binti mwenye heshima, halalamiki. Na kila binti alipojikunja kwa baridi, mama alimgusa bega kwa upendo kabisa akamwambia, "Utazoea, mwanangu." Na mama mwenyewe zamani aliletwa bibi arusi akaambiwa hivyo, akazoea, au walau aliacha kusema.

Utazoea. Jamani, mimi nimesafiri. Nimelala kwa watu wengi na nimekula kwa watu wengi zaidi, tumbo hili halikuanguka kutoka juu. Kuna nchi moja ya theluji walinipa samaki mbichi wa baridi asubuhi, mchungaji mzima nikamwombea yule samaki kuliko nilivyowahi kumwombea mgonjwa. Nimeambiwa "utazoea" kwa lugha nne, na sijazoea kwa hata moja.

Tuendelee. Wiki zikapita, maji yakawa tayari, na mwana akapita na lori akaleta samaki. Wachache tu, maana muuza samaki alikataza kujaza tangi kwa tamaa. Wadogo, wenye mikia mipana kama khanga kwenye upepo. Walikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji na hewa. Mwana akageuza lori, mama akabaki na mfuko mkononi.

Hakuwamwaga. Aliuweka mfuko juu ya maji ya tangi ukaelea, bado umefungwa, joto la ndani na la nje lilingane. Kisha akaufungua, akachota maji ya tangi kwa kikombe, akamimina kidogo ndani ya mfuko. Akasubiri. Akamimina tena. Mkwe alikuwa amekaa karibu, mikono ameificha kwapani, anatazama. Akauliza kwa nini mama asiwatie tu, si ni maji na maji?

Mama akamwambia, "Hapana, mwanangu. Hawa wametoka kwenye maji mengine. Haya yetu si mabaya, lakini kwao ni mageni. Ukiwamwaga kwa ghafla wanashtuka, na samaki akishtuka hasemi. Utamwona anaogelea tu, halafu siku moja hayupo."

Binti akatoa mkono mmoja kwapani, akamshikia mfuko.

Na kwa kuwa samaki wale ni wa nchi ya joto, ndani ya tangi kulikuwa na hita, kijiti kinachozamishwa majini, na kipimajoto kimebandikwa kwenye kioo. Mama alikitazama kipimajoto kile kuliko alivyotazama kipimo chake cha presha. Umeme ulipokatika mchana mmoja wa manyunyu, alikimbilia chumbani kwake akatoa blanketi lake zito, lile la harusi ya dada yake, akalivika tangi. Mkwe ndiye aliyemsaidia kulifunga kwa kamba.

Mwaniona? Nimeeleza tu. Sijasema neno.

Sasa ikafika asubuhi moja ya mwezi wa saba, kumekucha lakini jua limegoma. Mama akaja sebuleni na kopo la chakula cha samaki, ile chembe ya vidole viwili, wasivimbiwe. Akamkuta mkwe amesimama mbele ya tangi, amevaa koti kubwa la mumewe, na viganja vyote viwili amevibandika kwenye kioo. Macho ameyafumba. Miguuni pake kuna begi limefungwa zipu.

Kitu cha kwanza kilichomjia mama, na tusimhukumu, kilikuwa alama za vidole kwenye kioo. Cha pili kilikuwa begi.

Akauliza, "Unafanya nini hapo, mwanangu?"

"Naota moto, mama. Nisamehe. Basi halijafika, nikaona nipate joto kidogo kabla sijatoka nje."

"Basi la wapi?"

"La nyumbani."

Mama akaketi kwenye mkono wa kochi. Akamuuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, kwa nini siku zote hizi hakumwambia kwamba anaumia na baridi.

"Nilikwambia, mama," akasema binti, kwa adabu yake ile ile. "Ukaniambia nitazoea."

Wapendwa, kuna vibao havipigwi kwa mkono. Mwalimu aliyefundisha watoto wa watu miaka yote akatazama kipimajoto, kisha akamtazama mkwe wake. Mle sebuleni kiumbe pekee ambaye hakuna aliyemuuliza anahitaji joto kiasi gani, ndiye aliyekuwa na mdomo wa kusema.

Angeweza kujitetea. Angeweza kusema ndoa ni uvumilivu, na sisi wachungaji tungempa mstari. Hakusema. Aliinuka, akaweka sufuria kubwa ya maji jikoni, moto ukakolezwa. Akarudi mlangoni na kuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa tangu lori liliposimama.

"Kwenu asubuhi mnakunywa nini?"

"Chai ya tangawizi. Na maandazi ya hiliki, na mbaazi za nazi."

"Hiliki ninayo. Mbaazi sijui kuzipika. Njoo unifundishe, kama basi lako linaruhusu."

Nje basi likapiga honi. Likapiga tena. Na mimi sijui wanawake wale walisemezana nini pale jikoni, hayo si mambo ya mwanaume, ila najua kwamba begi lilirudishwa chumbani, na aliyelibeba alikuwa mama mkwe, presha na yote.

Sasa tumwache mama wa watu, tujitazame. Sisi ni wema. Mgeni akija hapa tunamsimamisha, tunampigia makofi matatu ya kilo, anakaa, tumemaliza. Kesho yake tunamwambia hapa kwetu hatuimbi hivyo, hapa kwetu hatuvai hivyo, hapa kwetu kamati hukaa jioni hata kama una watoto wadogo. Analegea, tunamgusa bega: utazoea, ndugu. Nesi aliyehamishiwa hapa kutoka Mtwara, tumemuuliza nini? Yule kijana aliyetoka gerezani, kuna aliyemuuliza anahitaji nini, au tulimmwaga tu kwenye kwaya? Mke wa mwanao je? Akinyamaza, tunasema ni mtu wa amani. Tunajuaje kwamba hajafunga zipu?

Tazameni yule mama alivyofanya na kikombe. Maji ya tangi ndiyo yaliyokwenda kwa samaki, kidogo kidogo, kabla samaki hajaenda kwenye tangi. Na ndivyo tulivyopendwa sisi. Bwana wetu hakusimama mbinguni akatuita kwa sauti, pandeni huku, mtazoea. Alishuka. Akazaliwa akalia kama sisi tunavyolia, akajifunza kusema kwa lugha ya watu maskini, akala walichopika, akafanya kazi za mikono kama wao, miaka mingi akikaa tu nao, kabla hajamwambia yeyote "nifuate." Tuliopokelewa hivyo, tunapata wapi haraka ya kuwamwaga wenzetu?

Sitaki ahadi kubwa leo. Hata harambee siitangazi, pumueni. Naomba jambo moja. Ukimwona mtu mpya, usimuulize kama amezoea. Atakwambia ndiyo, na atakuwa anakudanganya kwa heshima. Muulize, kwenu mnafanyaje? Kisha fanya naye, hata kama ni nazi kwenye maharage, hata kama shangazi yako ataongea.

Mimi kutoka hapa madhabahuni naona kitu ambacho ninyi hamkioni, kwa kuwa mmekaa mmetazama mbele. Viti vya nyuma kabisa, karibu na mlango, kila Jumapili hukaliwa na watu wale wale, na baraka ikitolewa tu, hawapo. Leo sitawasimamisha. Sitawataja. Nawaomba nyie wengine: tukianza wimbo wa mwisho, msisubiri ubeti wa tatu. Geukeni, mtembee, muwafikie wao kabla hawajaufikia mlango.