Gari Kuukuu la Mama Arcade

Siku Vestina alipoliingiza gari lake mtaani Kashaulili, mjini Mpanda, watu walilisikia kabla ya kuliona. Lilinguruma kama radi ya masika, likatema moshi mweusi mbele ya maduka ya vitambaa, kisha likasimama mlangoni pa kibanda chake cha kushonea. Lilikuwa gari la dizeli, refu kwenda juu, lenye nafasi kubwa nyuma ya viti, rangi yake imepauka kama jani la tumbaku lililokaushwa. Saa ya kuhesabia kilomita ilikwisha kuchoka na kusimama, hivyo hata mfanyabiashara aliyemuuzia hakujua limetembea kiasi gani. Alimwambia bila kumficha, "Injini ni nzima, mama, lakini linataka mtu wa kulijua." Vestina hakulisikia neno hilo. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani, moyo ukimdunda kama ngoma ya harusi.

Mume wake, Cletus, alilizunguka gari mara mbili.

"Mama Arcade, wewe unajua nini kuhusu magari?"

"Najua kuendesha," Vestina alijibu huku akicheka. "Mengine wapo mafundi."

Furaha yake haikuwa ya bure. Hapakuwa na mshonaji wa magauni ya harusi aliyemfikia mjini Mpanda, na maharusi walimtafuta kutoka mbali. Lakini magauni yake yalisafiri kwa basi kama magunia ya mahindi. Mwaka uliotangulia, ndoo ya asali ya abiria mmoja ilifunguka kwenye buti, na gauni jeupe likateremshwa likinata huku nyuki wakilifuata. Bibi harusi yule aliolewa kwa gauni la kuazima. Vestina alilia kama aliyefiwa, akaapa kwamba kazi ya mikono yake haitapanda basi tena.

Kwa majuma machache alikuwa kama mtoto siku ya Krismasi. Kisha gari likaanza vituko. Jumapili moja liligoma kuwaka mbele ya kanisa, waumini wote wakitazama. Malale, fundi wa magari aliyekuwa na gereji karibu na stesheni ya reli, alifika, akafunua boneti na kukaza waya wa betri uliolegea. Gari likawaka. Siku chache baadaye liligoma tena, na tena akaitwa Malale.

"Dada, gari la zamani ni kama ng'ombe wa maziwa," Malale alimwambia. "Huwezi kumfuga halafu kila asubuhi ukamngoja jirani aje kukamua. Njoo gereji nikuoneshe."

Vestina alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Mikono hii inashika satini. Tone moja la oili likigusa gauni, jina langu limekwisha. Na mwanamke mzima nilale chini ya gari watu wakiniona?"

"Basi usilitoe nje ya mji," Malale alijibu kwa upole, akaondoka.

Maneno hayo yalimchoma kama sindano. Kama gari halitoki nje ya mji, alilinunulia nini? Usiku huo hakupata usingizi mzuri. Kulipokucha alivaa suruali chakavu ya Cletus, akaenda gereji, akajilaza chini ya gari. Vijana waliokuwa wakibadilisha matairi waliangua kicheko. Mmoja akamuuliza, "Mama, umeangusha sindano huko?" Vestina alikaza meno. Malale alimwonesha tangi la dizeli, mpira unaotoka humo, chujio, pampu ndogo ya mkono na njia ya kwenda kwenye injini.

Ghafla uso wa Vestina ulichanua. "Kumbe ni kama uzi," alisema. "Unatoka kwenye roli mpaka kwenye tundu la sindano. Ukikatika popote, hakuna mshono."

"Hapo umelielewa gari," Malale alisema.

Tangu siku hiyo hakuhitaji kubembelezwa. Kila alipofunga kibanda alikimbilia gereji, na vijana waliomcheka wakaanza kumwita fundi.

Ndipo ilipowadia harusi ya Helena, binti wa mfuga nyuki wa Inyonga. Gauni lake lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kushona Vestina. Asubuhi ya harusi alilitandaza kwenye gari, akavaa kitenge chake kipya, akamchukua na Donatille, shangazi wa bibi harusi, aliyekuja kulifuata. Walitoka Mpanda wakiimba. Lami ilinyooka katikati ya msitu wa miyombo, na gari lilikwenda kama lililozaliwa jana.

Msituni, mbali na nyumba yoyote, injini ilianza kukohoa. Ikavuta pumzi mara mbili tatu, ikanyamaza. Simu zao hazikuwa na mtandao.

"Nilisema mimi tupande basi," Donatille alilalama. "Sasa tutamwambia nini Helena?"

Vestina alishuka. Alikiangalia kitenge chake, akaiangalia mikono yake iliyopakwa hina. Akili yake ilikuwa ikifuata ule uzi: tangi, mpira, chujio, pampu. "Shangazi, niazime khanga yako," alisema. Akaitandika, akaingia chini ya gari.

Karibu na tangi alikuta mpira umeloa dizeli. Aliupapasa taratibu mpaka kidole kikagusa ufa, kwenye ncha iliyobanwa na klipu. Injini ilikuwa ikivuta hewa badala ya mafuta.

"Nipe bisibisi. Na mkasi."

"Mkasi wako wa satini?" Donatille aliuliza.

"Huo huo."

Mkasi ule haukuwahi kukata kitu kingine isipokuwa kitambaa. Vestina aliikata ncha mbovu, akausukuma mpira mzima mahali pake na kuikaza klipu huku dizeli ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kisha alifunua boneti, akaminya pampu ya mkono kuitoa hewa mpaka ikawa ngumu. Akawasha. Gari likakohoa, likatoa wingu la moshi, likanguruma. Donatille alipiga kigelegele peke yake katikati ya msitu, na Vestina akacheka hadi machozi yakamtoka.

Walifika Inyonga waimbaji wakiwa wamekwisha kukusanyika. Vestina alisugua mikono kwa sabuni na mchanga, lakini weusi haukutoka wote. Kwa hiyo alisimama katikati ya chumba, mikono ameificha mgongoni, akimwelekeza Donatille kila kifungo na kila pindo. Helena alipogeuka akiwa amevaa, Vestina alilikagua gauni kuanzia shingo hadi pindo. Hapakuwa na doa hata moja.

Baba wa bibi harusi alipousikia mkasa huo kutoka kwa Donatille, alitoka nje, akainama kulitazama tumbo la gari lile kuukuu, kisha akamtazama Vestina na kitenge chake kilichochafuka.

"Mwanangu," alisema, "wazee hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame."