Makaburi ya Bwana Kafula

Bwana Kafula, tajiri asiyeshiba, aliposikia halmashauri inataka shamba lake ijenge shule, alikwenda kurundika udongo huku na huku, akachomeka misalaba, ili alipwe pia fidia ya makaburi.

Afisa ardhi, Bi Nyamizi, alipokuja kupima alimkuta anajifuta macho makavu.

"Hawa ni babu zangu wote, mama."

"Pole sana, mzee wangu. Uliwahi kuwafanyia matanga?"

"Bado," alisema Kafula, akidhani matanga nayo yana fidia.

"Basi hawahamishwi bila kuombolezwa. Niachie mimi."

Adhuhuri kijiji kizima kiliingia uani kwa Kafula na mikeka, masufuria na vilio. Mchinjaji alikuwa ameshamtia kamba fahali mnono wa Kafula.

"Mfiwa, tuanze na huyu?"

"Mwache!" Kafula alipiga kelele. "Yale si makaburi! Ni matuta ya viazi!"

"Kweli, mzee wangu? Niandike viazi?" aliuliza Nyamizi, aliyekuja pamoja nao.

"Andika viazi!"

Nyamizi akaandika, kisha akawageukia waombolezaji.

"Jamani, msiondoke na njaa. Bwana Kafula anakwenda kutuchimbia viazi."