Michi Darini kwa Bi Mwanakombo

Paukwa!

— Pakawa!

Leo nikisema "mchi", nyinyi mjibu "twi". Mchi!

— Twi!

Wa nyuma mmekula hamkushiba? Mchi!

— Twi!

Haya, sasa mmeamka. Leo sina hadithi ya sungura. Sungura akapumzike kwake. Leo nimekuja na hasira zangu, na mtazibeba nami mpaka mwisho.

Hapo kale, mtama ulipokuwa ukitwangwa kwa mikono, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamtama. Huko, msichana alipoolewa, kinu alikikuta kwa mumewe, lakini mchi alikwenda nao. Baba yake aliuchonga kwa mkono wake mwenyewe, mama yake akaupaka mafuta, naye akaingia nao nyumbani kwa mume akiwa ameushika hivi. Watu wazima mmeanza kuchekacheka, nawaona. Watoto, nyinyi fikirieni mtama tu.

Na Kwamtama walikuwa na sheria yao. Mke akikaa mavuno matatu bila kuzaa, ngoma ilipigwa. Watu walikusanyika. Mama mkwe aliuchukua ule mchi akaupandisha darini, na mke akarudishwa kwao mikono mitupu. Sheria ikasema, mchi wake ataupata siku atakayorudi na mtoto mgongoni. Apige hodi mbele ya watu, aombe, apewe.

Sheria nzuri, eti? Ina hata mlango wa kutokea! Lakini tangu enzi za mababu hakuna hata mmoja aliyerudi. Ukishafukuzwa kama mbwa aliyeiba nyama, utarudi kufuata kipande cha mti?

Basi alikuwapo binti mmoja, Sikudhani, akaolewa Kwamtama na mwanamume aitwaye Kibwana. Kibwana alikuwa mrefu, mpole, mchapakazi. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Bi Mwanakombo. Na Bi Mwanakombo aliposema kaa, hata kuku walikaa.

Mchi!

— Twi!

Mavuno ya kwanza yakapita, hakuna mtoto. Bi Mwanakombo akaleta mizizi. "Kunywa, mwanangu." Sikudhani akanywa asubuhi, akanywa mchana, akanywa jioni. Akatapika mpaka macho yakawa mekundu. Akamgeukia mumewe, akamwuliza, "Mume wangu, nawe je, hunywi?" Kibwana akatazama moto. "Dawa ya uzazi ni ya wanawake."

Mavuno ya pili yakapita. Bi Mwanakombo akachemsha chungu cha majani, akamkalisha juu ya mvuke, akamfunika mablanketi. Sikudhani akaungua mapaja. "Mume wangu, nawe je, hukai?" Kibwana akatazama moto. "Dawa ya uzazi ni ya wanawake."

Mavuno ya tatu yakakaribia. Bi Mwanakombo akaleta unga mweusi aliopewa na mganga wa ng'ambo ya mto. Sikudhani akaulamba. Damu ikamtoka siku tisa. Siku tisa, jamani! Akawa anatembea kwa kushika ukuta. "Mume wangu, nawe je, hulambi?" Kibwana akatazama moto.

Ule moto ulikuwa na nini? Ningekuwapo ningeumwagia maji.

Na si tumbo peke yake lililoumia. Sikudhani aliacha kuimba kinuni. Aliacha kwenda kisimani wenzake wakiwapo, maana pale kila mmoja ana mtoto, na kila mmoja ana ushauri. Akiingia mwezini, alifua vitambaa vyake kwa kujificha kama mtu aliyeua. Akioga, alifumba macho asiutazame mwili wake. Aliusemesha, "Wewe mwili, nimekukosea nini?" Mwili uliobeba maji ya nyumba ile na kuni za nyumba ile na kulima shamba la nyumba ile, leo unaulizwa kosa lake! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Kwamtama nguruwe alikuwa mke.

Siku moja, zikiwa zimebaki wiki tatu kufika mavuno, Sikudhani akatumwa kufagia dari ili mtama mpya upate mahali. Akapanda. Akafagia. Ufagio ukagonga kitu, twi! Akatazama, mchi. Akafagia tena, twi! Mchi mwingine. Yote miwili imejaa buibui.

Akachungulia chini. "Mama, michi hii ya nani?"

Bi Mwanakombo alikuwa anapepeta, wala hakuinua kichwa. "Mmoja wa Zena. Mmoja wa Hidaya. Walikuwa wake wa Kibwana kabla yako. Matasa."

"Hawajarudi kuichukua?"

"Tasa arudi na nini mgongoni? Na jiwe?"

Sikudhani akateremka polepole. Tangu aolewe, aliambiwa mumewe aliwahi kuoa, lakini wake wawili, wote matasa, nyumba moja? Akakaa na jambo hilo siku nzima. Asubuhi akamwendea mkwewe. "Shikamoo mama. Nimesikia kuna dawa kali bondeni. Niruhusu niifuate, niende siku tatu."

"Marahaba. Nenda, mwanangu. Lete iliyo kali zaidi."

Ilikuwa kali kweli. Ngojeni.

Siku ya kwanza akafika kijijini kwa kina Zena, akaulizia. Akaelekezwa kwenye nyumba yenye kelele. Mtoto mmoja anapanda mlangoni, mmoja analia, mmoja yuko mgongoni kwa mama anayetwanga. "Nani Zena?" "Mimi." "Na hawa watoto?" "Ni wangu. Niliolewa tena huku. Wewe nani?" "Mimi ni Sikudhani, mke wa Kibwana wa sasa."

Siku ya pili akafika kwa Hidaya. Hidaya alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alipomsikia Sikudhani akieleza habari ya mizizi na mvuke na unga mweusi, akamtua mtoto, akamshika Sikudhani mkono. "Dada, nami niliulamba. Kibwana mwenyewe, siku moja neno lilimponyoka. Ndevu zilipoanza kumtoka, aliugua matubwitubwi. Mashavu yakavimba, kisha uvimbe ukashuka chini, kwenye uanaume wake. Nilipojifungua nilimsimulia mkunga wetu. Akaniambia, matubwitubwi ya mtoto hupita. Ya mwanamume aliyebalehe, yakishuka, safari nyingine huondoka na mbegu."

"Kwa nini hukurudi ukasema?"

"Nirudi wapi? Nilitoka pale nikizomewa."

Sikudhani akalia. Halafu akanyamaza. Halafu, kwa mara ya kwanza katika mavuno matatu, akaona njaa. Akala ugali sahani mbili. Hasira ya haki hurudisha hamu ya kula, asikudanganye mtu. Alipomaliza akanawa mikono, wakapanga maneno, na siku ya tatu, njiani kurudi, akampitia Zena akampa habari.

Mchi!

— Twi!

Akarudi Kwamtama, akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Mama, dawa sikupata. Nimekubali, mimi ni tasa. Ila nakuomba kitu kimoja. Unirudishe kwa kishindo. Ngoma ipigwe, watu wote waje, wake kwa waume. Na ile michi miwili iteremshwe, ifutwe vumbi, wangu ulazwe kando yake, watu waone ulivyoteseka na wake wa mwanao."

Bi Mwanakombo akafurahi mpaka akampa kuku. Tangu lini mkwe akaomba mwenyewe kuaibishwa? Akatuma habari vijiji vyote vya jirani.

Siku ikafika, jua liko utosini. Uwanja ukajaa. Michi mitatu ikalazwa juu ya mkeka. Sekiondo, mpiga ngoma wa kijiji na mlinzi wa sheria, akapiga ngoma, akaisema sheria neno kwa neno: atakayerudi na mtoto mgongoni, apige hodi, aombe, apewe. Watu wakaitikia, kama walivyoitikia siku zote, bila kufikiri.

"Hodi!"

Watu wakageuka. Mwanamke kasimama, mtoto mgongoni, wawili wameshika nguo yake. "Mimi ni Zena. Nimefuata mchi wangu."

Sekiondo hakuwahi kuona jambo kama hilo. Lakini sheria ametoka kuisema sasa hivi, mate hayajakauka. Akainama, akampa. Bi Mwanakombo akacheka kicheko kikavu. "Bahati yake! Mungu akikupa hakuandikii barua."

"Hodi!"

Mwanamke wa pili, mtoto mgongoni, tumbo mbele. "Mimi ni Hidaya. Nimefuata mchi wangu."

Sasa hakuna aliyecheka. Wanawake wa kisimani wakaanza kugeuza shingo zao, polepole, kutoka kwa Hidaya kwenda kwa Zena, kutoka kwa Zena kwenda kwa Kibwana.

Sikudhani akasimama. "Mama, nakuuliza kwa heshima. Kibwana aliugua nini ndevu zilipomtoka?"

"Homa."

"Mama, nakuuliza tena. Aliugua nini?"

"Homa, nimekwambia! Na mashavu kidogo. Nani haugui mashavu?"

"Mama, nakuuliza mara ya tatu."

Aliyejibu ni Kibwana.

"Matubwitubwi," akasema. "Uvimbe ulishuka. Siku saba sikuweza kutembea. Mama akaniambia nisimwambie mtu, nami nikaficha hata nafsi yangu. Kila mke alipopewa dawa nilijua. Nilijua, nikatazama moto." Akalia mbele za watu, mwanamume yule mrefu.

Ningemhurumia. Wallahi ningemhurumia, maana ugonjwa si kosa, na kukosa mbegu si kosa, na hakuna anayejichagulia. Lakini siku tisa za damu alikuwa chumba kile kile!

Bi Mwanakombo naye akalia. "Niliogopa watamcheka mwanangu. Wangesema si mwanamume."

"Ukaona bora waseme Zena si mwanamke," Sikudhani akasema. "Hidaya si mwanamke. Mimi si mwanamke. Mama, mimi nami nina mama."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa aliyeficha alikuwa mmoja, na waliokaribia kifo walikuwa wengine.

Sikudhani akatoka nje ya uwanja. Watu wakadhani anakwenda zake. Akageuka.

"Hodi!"

Akaja mpaka kwenye mkeka. "Mimi ni Sikudhani. Nimefuata mchi wangu."

Sekiondo akajikuna kichwa. "Binti, pole sana kwa yote. Lakini sheria ni sheria. Mgongo wako mtupu."

Sikudhani akawapa watu mgongo, wauone vizuri. "Tazameni. Ni mtupu kweli. Umebeba maji ya nyumba hii, umebeba kuni za nyumba hii, umebeba na aibu ya nyumba hii. Aibu nimeitua leo hapa, mwenyewe aje aichukue. Mchi huu aliuchonga baba yangu. Ulikuwa wangu kabla sijamjua Kibwana, na ni wangu nikiwa na mtoto au nisiwe naye."

Akainama, akauchukua mwenyewe. Sekiondo akanyoosha mkono kumzuia, na wanawake wa kisimani, wale wale wa ushauri, wakasimama wote kwa pamoja. Sekiondo akaurudisha mkono wake.

Kibwana akamfuata mpaka njiani. "Sikudhani, baki. Sasa tutakunywa dawa wote wawili."

"Nilikuuliza mavuno ya kwanza," akamjibu. "Nikakuuliza ya pili, nikakuuliza ya tatu. Leo uniulize wewe?" Akaenda zake na mchi wake begani, akiimba wimbo wa kinuni aliokuwa ameuacha.

Na siku ile ile, Kwamtama nzima, wanawake walirudi majumbani wakapanda madarini. Michi iliyoteremka huko, mtu angejenga nayo zizi! Kuanzia hapo, nyumba ikichelewa kupata mtoto, mume na mke huenda kwa mkunga pamoja. Huulizwa wote, hupimwa wote, na dawa ikiwapo huinywa aliye na ugonjwa. Na isipokuwapo, hakuna anayerudishwa kwao.

Nani kauliza? Wewe hapo nyuma, sema kwa sauti. "Je, huko alikokwenda, Sikudhani alizaa?"

Eti alizaa! Mmemwona akitapika, mmemwona akiungua, mmemwona akivuja damu siku tisa. Mmemsikia akisema mchi ni wake akiwa na mtoto au asiwe naye. Mmeitikia "twi" kwa raha zenu, na bado, bado mnataka kumchungulia mgongo! Sikuambii. Nikikuambia alizaa utasema, "Aa, basi alikuwa mwanamke mzuri." Nikikuambia hakuzaa utasema, "Masikini." Nenda na swali lako nyumbani, upande nalo darini, ukatazame umemfichia nani mchi wake.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye kichwa aitwike. Mchi!

— Twi!